Cheti kimeandikwa Kigiriki: maswali na majibu

Kwenye cheti daktari kaandika "gastritis". Ndiyo vidonda vya tumbo?

Si lazima, ingawa mtaani tunavichanganya. "Gaster" ni tumbo kwa Kigiriki, na "-itis" kwa madaktari wa leo ni kuvimba kwa kiungo. Ngozi ya ndani ya tumbo imevimba, inawaka, lakini huenda haijachimbika. Ikichimbika ndipo kinakuja kidonda, "ulcer", neno la Kilatini hilo.

Chini yake kuna "H. pylori". Huyu ni nani?

Bakteria. Jina lake kamili, "Helicobacter pylori", ni tamu ukilifungua: "helix" ni msokoto, "bakterion" ni kifimbo, "pyloros" ni bawabu, maana ndivyo Wagiriki walivyoliita lango la tumbo kuelekea utumbo mwembamba. Kifimbo kilichojisokota mlangoni kwa bawabu! Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa makusudi, tumbo likamvuruga. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobeli. Wewe usimnywe. Ukipewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi za siku 14, zimalize hata kama kiungulia kimeacha siku ya nne.

Kila "-itis" inaambukiza?

Hapana. "Arthritis" ni ya viungo, na huwezi kuipata kwa kushikana mkono na bibi. "Hepatitis" ni ya ini: kuna inayoletwa na virusi, kuna inayoletwa na pombe.

Baba ana kisukari. Nesi alisema "hypo" au "hyper", sikushika vizuri. Kuna tofauti?

Kubwa mno. "Hyper" ni kupita kiwango, "hypo" ni kushuka chini yake. Yanatamkwa karibu sawa, ila Kiswahili kimetupa bahati: "hypo" husikika kama "haipo". Sukari haipo! Basi, haijaisha kabisa, lakini imepungua, kwa mwenye kisukari chini ya 4 (mmol/L) kwenye kile kipimo cha kidole. Utamwona anatoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki, pengine amekuwa mkali bila sababu. Kama anaweza kumeza, mpe upesi nusu glasi ya soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari) au vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

"Hyper" huja polepole zaidi: kiu isiyokatika, mkojo kila saa, uchovu. Hapo soda ni kumwongezea mzigo.

Mbona kwenye karatasi ya figo kuna "nephro" hapa na "renal" pale? Nina magonjwa mawili?

"Nephros" ni figo kwa Kigiriki, "ren" ni figo kwa Kilatini. Madaktari walirithi yote mawili, wakashindwa kuchagua. Figo ni zilezile.