Kwa nini kwenda na kurudi kwa ndege hakulingani muda

Wengi wanaamini ndege ikielekea magharibi huwahi kufika, eti dunia inazunguka na kiwanja inakokwenda kinaijia. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege yenyewe hupaa ikiwa tayari na mwendo huo.

Kinachobadilisha muda ni upepo. Chukua viwanja viwili vilivyo umbali wa kilomita 400, na ndege ya mapangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa. Hewa ikitulia, dakika 48. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiisukuma, kama 44, ukiipinga, 53.

Tena muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni, siyo inapopaa. Kwenye safari fupi, foleni ya kuruka yaweza kula dakika nyingi kuliko upepo.