Thieta ya Ugiriki ya kale ilikuwa imekaaje?

Watu wengi wakisikia thieta ya Wagiriki wanafikiria jengo lenye paa na pazia, kumbe wale jamaa hawakuanza na jengo, walianza na kilima. Walitafuta mteremko mzuri, chini yake wakasawazisha kiwanja, watu wakakaa juu wanaangalia chini, basi, thieta tayari. Pale Athens thieta ya Dionysus, mungu wao wa divai na maigizo, iko kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, na mwanzoni watu walikalia mabenchi ya mbao tu, mawe yalikuja kukamilika karne ya 4 KK.

Hicho kiwanja cha chini ndo kinaitwa orkestra na kwa maoni yangu ndo moyo wa kitu chote, manake hapo ndipo kwaya ilikuwa inaimba na kucheza, watu 12 au 15 kwenye tanzia, 24 kwenye vichekesho, wakati waigizaji wenye maneno walikuwa watatu tu wanabadilishana vinyago. Tumezoea kuona duara lakini sio zote, ile ya Thorikos, mji wa kale karibu na Athens, orkestra yake imekaa kimstatili hivi. Kwaya iliingia kwa njia mbili za pembeni, kushoto na kulia, zinaitwa parodo.

Nyuma ya orkestra kuna skene. Ilianza kama kibanda cha mbao cha kubadilishia nguo, baadae ikawa na milango na ikageuka kuwa nyumba ya mfalme au hekalu kulingana na stori. Mauaji kwa kawaida hayakuonyeshwa mbele za watu, unasikia kelele za ndani halafu mlango unafunguka maiti inasukumwa nje juu ya jukwaa la magurudumu. Na mungu akitakiwa kushuka kutoka mbinguni kulikuwa na winchi ya kumning'iniza, yaani spesho ifekti za wakati huo!

Sasa viti. Nenda kaangalie thieta ya Epidaurus, mji mwingine wa kale wa Ugiriki, iliyojengwa kuelekea mwisho wa karne ya 4 KK: safu 34 za chini, baadae zikaongezwa 21 juu, jumla 55, katikati kuna njia pana ya kupita na ngazi zinakata viti vipande vipande ili watu wasikanyagane. Viti vya mawe ya chokaa vimechongwa kwa akili, chini ya ukingo wa mbele pamebonyea ili urudishe miguu nyuma, na wa nyuma yako ana sehemu yake ya kuweka miguu asikupige mgongoni. Safu ya mbele ni ya wakubwa, pale Athens kiti cha kuhani wa Dionysus kina mgongo na nakshi kabisa.

Kuhusu sauti, ni kweli inasafiri vizuri, ila ile stori ya kunong'ona chini ukasikika safu ya mwisho tuiache, mwaka 2017 watafiti kutoka Eindhoven kule Uholanzi walipima wakakuta mnong'ono haufiki huko juu, mpaka mtu apaze sauti.

Warumi walipokuja waliikata orkestra ikawa nusu duara na wakaweza kujenga hata kwenye tambarare kwa kutumia matao. Kwa hiyo ukifika ile ya Dionysus ukaona nusu duara yenye sakafu ya marumaru, hiyo sio ya Wagiriki wa mwanzo, ni marekebisho ya enzi za Warumi.