Zilipendwa za miaka ya 70: yanayosemwa na yaliyokuwa

Makosa mengi yanayosemwa kuhusu nyimbo zilizovuma redioni miaka ya 70 yana chanzo kimoja. Watu huuliza wimbo uliimbwa na nani, lakini hawaulizi ulifikaje redioni. Wimbo uliorekodiwa kwenye tepu za Radio Tanzania pale Pugu Road, wimbo uliotolewa kwenye santuri Nairobi, na wimbo ulioletwa kutoka Ulaya au Marekani, kila mmoja una urefu wake, sauti yake na namna yake ya kupotosha tarehe. Ukishajua njia, mengine mengi hujipanga yenyewe.

"Zilipendwa ni nyimbo za miaka ya 70"

Hapana. Vipindi vya zilipendwa vimechanganya miongo mitatu kwenye kapu moja, na msikilizaji aliyezikuta zote pamoja anazipa umri mmoja. Malaika wa Fadhili William ulirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 60. (Ugomvi wa nani aliutunga unahitaji makala yake peke yake.) Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa ulianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 80, ingawa hoteli za pwani zimewafanya watu waamini ulikuwepo tangu enzi za wakoloni. Mlimani Park, bendi ya Dar es Salaam inayojulikana kama Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978, kwa hiyo mtu akikuambia alicheza Sikinde ya Mlimani mwaka 1974, anakumbuka bendi nyingine.

Bendi zilibadilika majina, na hilo ni msaada mkubwa kwa anayetafuta tarehe. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 70, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, na baadaye OTTU. Kama mtangazaji kwenye tepu ya zamani anataja NUTA, wimbo hauwezi kuwa wa miaka ya 80, hata kama nakala uliyo nayo imeandikwa hivyo.

Alama nyingine ni mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na waimbaji waliutaja kwa sauti kubwa wimbo ulipochemka. NUTA walikuwa na Msondo, Safari Trippers ya Marijani Rajab walikuwa na Sokomoko, Western Jazz walikuwa na Saboso. Ukisikia "Masika" kwenye wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, hiyo ni Super Volcano, aliyoianzisha baada ya kuondoka Morogoro Jazz mwaka 1973. Shida ni wa Super Volcano, lakini mara nyingi huandikwa Morogoro Jazz, kosa linalohamisha wimbo kwa bendi na kwa miaka pia. Morogoro Jazz ndiyo aliyokwenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, na chochote kilichotolewa kwa jina lake baada ya hapo ni kazi ya zamani iliyotolewa upya.

"Redio ilikuwa inapiga santuri"

Kwa Sauti ya Kenya, kwa sehemu kubwa ni kweli. Nairobi ilikuwa na makampuni ya santuri, kiwanda cha kuzitengeneza na maduka ya River Road ya kuziuza, na redio ilipata santuri zilezile zilizouzwa madukani.

Kwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) mambo yalikuwa kinyume. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Redio ya serikali ndiyo iliyokuwa studio kuu ya kurekodi bendi, na ndiyo pia iliyokuwa mtangazaji pekee wa Tanzania Bara. Mashairi yalipelekwa kwanza yakapitiwa na kamati. Yakikubaliwa, bendi ilipangiwa siku, ikaja na vyombo vyake na kurekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo mmoja kwenye tepu ya robo inchi. Hakukuwa na kurekodi ngoma leo na sauti kesho. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya mikrofoni chache, na fundi mitambo alichanganya sauti palepale. Mpiga tarumbeta akikosea dakika ya tano, wanarudi mwanzo.

Ndiyo maana nyimbo hizo zina mpangilio unaoutambua hata ukiwa jikoni na redio iko sebuleni: sauti za waimbaji mbele, gita la solo karibu, magita ya rithimu yakifumwa chini yake, na ngoma mbali kama zinapigwa chumba cha pili. Ngoma ziliwekwa mbali makusudi, kwani zingekaribia zingejaa kwenye mikrofoni za waimbaji na fundi asingekuwa na namna ya kuzipunguza baadaye. Baadhi ya wasikilizaji huona huo ni upungufu. Kwa maoni yetu, hayo ndiyo mafunzo bora ya upigaji kwa pamoja yaliyowahi kurekodiwa katika lugha hii.

Matokeo yake ni kwamba nyimbo nyingi zilizopendwa Tanzania hazikuwahi kutoka kwenye santuri. Kutafuta santuri yake ya kwanza ni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Zilizotoka kwenye santuri ni zile ambazo bendi ilivuka mpaka kwenda kuzirekodi tena Nairobi, au zilizopelekwa huko kutengenezwa. Wimbo mmoja basi unaweza kuwa na rekodi mbili halali, ya RTD na ya Nairobi, zenye waimbaji tofauti kidogo na kasi tofauti.

Fedha nazo zilifuata mkondo huohuo. Wanamuziki wengi wa Dar walikuwa waajiriwa: vyombo vilikuwa mali ya kiwanda, jeshi, chama au umoja wa vijana, na mwanamuziki alilipwa mshahara. Umaarufu wa redioni ulimletea watu dansini. Anayedhani wimbo kupigwa kila siku kulimtajirisha mtunzi anapima enzi ile kwa kipimo cha leo.

"Zamani walirekodi vibaya, ndiyo maana zinakwaruza"

Hii ndiyo dhana inayotuudhi zaidi, kwa sababu inawalaumu mafundi kwa kosa la watu wengine. Tepu ya studio hukimbia sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kanda ya kaseti hukimbia sentimita 4.76. Tepu ya studio iliyotunzwa vizuri ina sauti safi kuliko vile redio yenyewe ilivyoweza kurusha, maana mawimbi ya kati na mafupi hukata sauti nyembamba za juu. Mkwaruzo na mvumo unaousikia leo umetokana na safari: tepu, kisha redio, kisha kaseti ya mtu nyumbani, kisha kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, kisha kompyuta. Kila kituo kimeongeza mvumo na kupunguza sauti za juu.

Kuna kosa lingine ambalo watu hawaligundui kabisa, nalo ni kasi. Redio-kaseti yenye betri zilizochoka huzungusha kanda polepole. Ukirekodia kwenye mashine hiyo, kisha ukapiga kanda ileile kwenye mashine nzima, wimbo unakimbia na waimbaji wanasikika kama vijana wa miaka kumi na nne. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zina tatizo hili, na wapo wanaojifunza magita kutoka kwenye nakala hizo kisha wanashangaa kwa nini hazilingani na ufunguo wowote.

Namna ya kupima ni hii. Tafuta sehemu tulivu, hasa sekunde mbili tatu kabla wimbo haujaanza. Umeme wa Tanzania na Kenya ni hezi 50, na mngurumo wake mara nyingi uliingia kwenye tepu. Fungua wimbo kwenye programu inayoonyesha masafa ya sauti na utafute mstari mwembamba ulionyooka karibu na 50 au 100. Ukiukuta kwenye 53, nakala inakimbia kwa asilimia 6, ambayo ni nusu toni kamili. Gawanya 50 kwa 53, upate 0.943, kisha punguza kasi hadi asilimia 94.3. Punguza kasi na sauti kwa pamoja. Ukishusha sauti peke yake, mapigo yatabaki ya haraka. Tahadhari: kama aliyenakili naye alikuwa na waya mbovu, utakuta mistari miwili, mmoja ukiwa sawasawa kwenye 50. Huo wa 50 ni wa kunakili, na unaotakiwa ni ule mwingine.

Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika iliyopigwa kwenye kasi ya 33 ni rahisi zaidi kuitambua, maana wimbo unashuka zaidi ya toni mbili na nusu na mwimbaji anakuwa jitu.

Kwa wenye santuri zenyewe, mengi yanayoitwa mikwaruzo ni vumbi na mafuta ya vidole. Maji yaliyochujwa, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji na bila kulowesha lebo. Zikaushe zikiwa zimesimama, kivulini, kwani jua la mchana hupinda santuri ndani ya muda mfupi na haisahihishiki.

"Wimbo ule ni wa dakika tatu tu"

Ni upande mmoja. Santuri ya inchi 7 hubeba vizuri dakika tatu hadi nne na nusu kila upande. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inashuka. Kwa hiyo Nairobi walikata wimbo wa dansi vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A na ya pili upande wa B. Mashairi yako A. Chemko, yaani sehemu wimbo unapopamba moto kwa magita na tarumbeta, iko B. Aliyenakili A peke yake ametupa nusu ya wimbo, na kwa mpenzi wa dansi ametupa nusu iliyo bora.

"Ulikuwa namba moja mwaka 1975"

Namba moja ya nani? Redio zetu zilipima mapenzi kwa kadi za salamu na maombi ya wasikilizaji. Hiyo ni alama nzuri ya kupendwa, lakini haina nafasi ya kwanza wala ya kumi. Hata Marekani, orodha ya Billboard ya miaka hiyo ilitegemea taarifa za maduka na vituo vya redio. Hesabu ya mauzo kwa mashine ilikuja mwaka 1991.

"Tanzania ilipiga marufuku muziki wa kigeni"

Marufuku inayokumbukwa ni ya Novemba 1969, nayo ililenga muziki wa soul kwenye madansi ya Dar es Salaam. Bendi za Wakongo ziliendelea kuja na kuweka makao mjini humohumo. Na mawimbi hayahitaji kibali cha kuvuka mpaka: aliyetaka nyimbo za nje alizungusha kitufe hadi Nairobi.

Nani ni wa wapi

Simba Wanyika huitwa bendi ya Kenya, na ndiko ilikovumia, lakini ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga. Les Wanyika, waliotupa Sina Makosa, walichomoka humo mwaka 1978. Charonyi ni Wasi wa Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya chini ya Habel Kifoto, ulivuma mwaka 1977 nchi nzima ukiwa kwa Kitaita, jambo linalowapinga wanaodai kwamba bila Kiswahili au Kilingala wimbo haukuweza kutoka kijijini. Kasongo wa Super Mazembe, uliorudi midomoni mwa Wakenya hivi karibuni kwa sababu za siasa, ni wa Kilingala na wa mwaka 1977. Mke anamsihi mumewe arudi nyumbani. Shauri Yako, ambao wengi wanaupa Super Mazembe, uliimbwa kwanza na Nguashi N'Timbo.

Za kutoka mbali nazo zina yake. Sweet Mother wa mwaka 1976 huitwa wa Kikongo kwa sababu ya magita, lakini Prince Nico Mbarga aliurekodi Nigeria kwa pijini baada ya kampuni kubwa kuukataa. Boney M. hawakuwa kundi la Jamaika wala la Marekani, bali mradi wa Frank Farian wa Ujerumani Magharibi. Sauti nzito ya kiume kwenye santuri ni ya Farian mwenyewe, na Bobby Farrell aliyecheza mbele ya kamera alikuwa akifungua mdomo tu. Rivers of Babylon waliouvumisha mwaka 1978 ni wa The Melodians wa Jamaika, mwaka 1970. Na Jim Reeves, ambaye wasikilizaji wa Kenya walimwombea salamu muongo mzima kana kwamba yuko njiani kuja, alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Kampuni yake ilichukua tepu za sauti yake, ikaongeza vyombo vipya juu yake, ikaendelea kutoa nyimbo mpya miaka yote ya 70.