Je, wajua kwa nini kisukari huweza kuleta usahaulifu?

Bi mkubwa wa Mji wa Kale aliyepika mahamri tangu usichana wake hapimi unga wala iliki. Mkono wenyewe wajua. Siku akitia hamira mara mbili, au akasimama jikoni asikumbuke kama mbaazi zishatiwa tui zito, nyumbani watasema ni utu uzima. Huenda ni kweli. Lakini kama ana sukari ya miaka mingi, kuna ya kuuliza kabla ya kuulaumu umri.

Mwaka 1999 watafiti waliowafuatilia maelfu ya wazee mjini Rotterdam, Uholanzi, walitangaza kwamba wenye kisukari walikuwa na uwezekano wa kupata dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili, karibu maradufu ya wenzao. Tafiti za baadaye zimetoa viwango tofauti, vingi vikiwa chini ya hapo, ila mwelekeo ni uleule. Si kila mwenye sukari atasahau. Wengi huzeeka na akili zao timamu.

Sababu ya kwanza ni mishipa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na chakula hicho hupitia mishipa myembamba sana. Sukari ikikaa juu miaka na miaka huikakamaza na kuiziba, vilevile inavyoharibu macho na figo. Presha ikiongezeka, mambo huharakishwa. Hutokea viharusi vidogo visivyopindisha mdomo wala kulegeza mkono, na hakuna anayejua. Mara nyingi kinachotangulia kupungua si majina ya wajukuu bali wepesi wa kufikiri: kuhesabu chenji ndani ya matatu, au kufuata mazungumzo mawili kwa pamoja.

Halafu kuna insulini, homoni inayoshusha sukari. Kimeng'enya kinachoivunja mwilini ndicho pia huvunja amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzaima, aina mojawapo ya dimenshia; insulini ikizidi, hudhaniwa kwamba amiloidi hubaki bila kuvunjwa. Ndiyo maana wapo wanaouita ugonjwa huo kisukari cha aina ya tatu. Kwangu mimi, jina hilo limeutangulia ushahidi.

Linalosahaulika zaidi ni sukari kushuka. Watu wetu huogopa halwa na kaimati, na wana haki, lakini ubongo hauna akiba ya maana ya sukari. Damu ikipungukiwa, nao huyumba papo hapo. Utafiti wa California uliochapishwa 2009, uliohusisha wazee zaidi ya 16,000 wenye kisukari cha aina ya pili, uliona kwamba waliowahi kufikishwa hospitalini kwa sukari kushuka sana walipata dimenshia zaidi, na hatari ilipanda kadiri matukio yalivyoongezeka. Ubaya ni kwamba mambo haya hulishana: mzee asahau kwamba kidonge cha asubuhi keshameza, ameza kingine, sukari yashuka, na ubongo waumia tena. Insulini na glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ndizo dawa za kuangaliwa kwa karibu, hasa figo zikiwa dhaifu. Ramadhani huwa mbaya zaidi kwa anayekula matonge mawili matatu tu ya daku kisha akameza dozi yake yote. Alasiri anaanza kutoa maneno yasiyoeleweka, nanyi mwadhani ni uchovu wa swaumu. Dozi za mfungo hupangwa na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Jaribio kubwa la Marekani lililotoa matokeo 2011 lilionyesha kwamba kuibana sukari mno hakukuilinda kumbukumbu. Kwa hiyo msishangae daktari akimlegezea mzee aliyeanza kusahau, akaridhika na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilicho chini ya asilimia 8 badala ya 7 ya vijana.

Metfomini nayo, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa miaka mingi, huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi za miguu. Hupimwa kwa damu na kutibika, kwa hiyo ulizeni kliniki.

Mzee akitokwa jasho, akatetemeka au akachanganyikiwa ghafla, mdungeni kidole mpime. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpeni maji yenye vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.