Je, wajua kwa nini ndege ya Dar mara nyingi huupita uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kabla ya kutua?

Asubuhi moja ya Julai nilitoka Dar es Salaam kwa ndege kwenda Moshi. Uwanja wa KIA tukauona chini, kwenye upenyo wa mawingu, lakini ndege ikaupita na kushika upande wa Arusha. Mama niliyeketi naye akanishika mkono: "Mwanangu, mbona wanatupeleka Arusha?"

"Hapana, mama. Tunautafuta upepo."

Ndege hutua ikiukabili upepo, kwani bawa hubebwa na hewa inayopita juu yake. Tuseme ndege inahitaji mwendo wa kilomita 240 kwa saa ili isianguke. Upepo wa kilomita 15 ukiipiga usoni, magurudumu hugusa lami kwa 225 tu. Upepo huohuo ukitoka nyuma, ni 255, na breki ndizo zinazoteseka.

Njia ya kurukia ndege ya KIA imelala mashariki na magharibi. Mwisho mmoja umechorwa 09, mwingine 27: ni digrii 90 na 270 za dira, sifuri ya mwisho imeachwa. Upepo wa kwetu mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo rubani hutua akitazama mashariki, yaani lazima aingie kutokea magharibi, upande wa Arusha. Dar iko kusini-mashariki. Ndiyo sababu ya kuzunguka.

Rubani huujua upepo huo hata kabla hajaondoka Dar, kwa ripoti fupi ya hali ya hewa iitwayo METAR. Huwa hivi:

HTKJ 120600Z 09008KT 9999 BKN015 19/15 Q1020

HTKJ ni KIA. Tarehe ni 12, saa 0600 za dunia. Hapa Mswahili awe makini: saa ya mkononi Moshi inaonyesha 9, nasi tunaiita saa tatu asubuhi! Upepo unatoka digrii 090, maili 8 za baharini kwa saa, ndizo zile kilomita 15. Macho yanafika kilomita 10 au zaidi. BKN015 ni mawingu yaliyofunika zaidi ya nusu ya anga, futi 1,500 juu ya uwanja. Mawingu ya chini ya msimu wa baridi tunayajua vizuri. Joto ni nyuzi 19, na 15 ni kiwango ambacho hewa ikipoa kukifikia, umande huanza. Namba hizo mbili zikikaribiana sana, ukungu unanukia. Q1020 ni kanieneo ya hewa. Rubani akiikosea, kipimo chake cha kimo kitamdanganya, na kwenye nchi yenye Meru na Kilimanjaro hilo si jambo dogo.

Tulipogeukia mashariki, mama aliachia mkono wangu. Kabla hatujazama mawinguni, Kilimanjaro ulikuwa kushoto kwetu, kilele cheupe juu ya yote.