Wagumu wa Hawthorn: kupiga ni nusu tu ya hesabu

Wapenzi wa Hawthorn, klabu ya soka ya Australia ya jijini Melbourne inayovaa milia ya kahawia na dhahabu, wakianza kubishana nani alikuwa mgumu kuliko wote, majina mawili hayachelewi kutajwa: Leigh Matthews na Dermott Brereton. Majina nayakubali. Sababu zinazotolewa ndizo zinanikera, kwa sababu wengi huhesabu watu aliowalaza mchezaji. Mimi huangalia yeye mwenyewe alifanya nini kwenye mpira uliofuata baada ya kulazwa.

Kwa asiyeifuatilia soka ya Australia, mambo mawili ya kiufundi kwanza. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na sheria inaruhusu kumgonga mpinzani kwa bega au nyonga hata kama hana mpira, ilimradi mpira uko ndani ya mita 5 na hujampiga kichwani wala mgongoni. Wengi huvaa kinga ya meno tu, hakuna pedi za mabega kama za Wamarekani. Anayeumia vibaya mara nyingi ni yule aliyeinua macho kuufuata mpira hewani: hamwoni anayemjia, misuli haijajikaza, mbavu zinapokea uzito wote wa mtu aliye mbioni. Kwa hiyo mtu anayeendelea kuuangalia mpira huku akisikia vishindo vya miguu nyuma yake ana ujasiri ambao mpiga ngumi hauhitaji.

Jambo la pili ni benchi. Leo timu zinabadilisha watu muda wote. Mwaka 1989 benchi la kila timu lilikuwa na watu 2 tu, na timu ikiumiziwa wawili au watatu, waliobaki wanamaliza mechi wakiwa wazima au wabovu. Ukiusahau ukweli huu huwezi kuielewa fainali ya mwaka ule.

Fainali hiyo ilichezwa tarehe 30 Septemba 1989 pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, Hawthorn dhidi ya klabu ya Geelong. Mapema msimu huohuo timu hizi zilikutana na Brereton akamuumiza Mark Yeates, kwa hiyo kulikuwa na deni. Refa alipodundisha mpira wa kwanza, Brereton alikuwa anakuja mbio kuufuata, macho kwenye mpira. Yeates akatokea pembeni, mpira hana habari nao, akamgonga katikati ya mwili kwa kasi yote. Mbavu zikavunjika, figo ikaumia. Watu wa huduma ya kwanza wakamfikia wakitaka kumtoa nje, akakataa, akatapika palepale uwanjani, akajikokota hadi karibu na goli la Geelong. Dakika chache baadaye akaruka, akaudaka mpira hewani na mbavu zile zile, akafunga. Alimaliza na magoli 3.

Hilo goli ndilo ushahidi wangu. Kusimama baada ya kupigwa wanasimama wengi, kwa hasira au aibu. Lakini kudaka mpira hewani kunataka unyooshe mikono juu na kufungua mbavu mbele ya beki ambaye ameshaona pa kukugonga. Mwenye mbavu zilizovunjika hujikunja bila kutaka, mikono inashuka, na mpira unampita. Brereton hakujikunja.

Na hakuwa peke yake. John Platten, kiungo mdogo wa mwili, alipata mtikisiko wa ubongo na mechi ikamwishia mapema. Robert Dipierdomenico, mshindi mwenza wa medali ya Brownlow ya 1986, ya mchezaji bora wa msimu, aligongana na Gary Ablett, akavunjika mbavu na pafu likatoboka. Akaendelea kukimbia kama winga pembeni mwa uwanja, nafasi inayokula pumzi sana, huku pumzi yenyewe ikivuja. Baada ya mechi alilazwa hospitali siku kadhaa. Hawthorn walianza robo ya mwisho wakiongoza kwa pointi 36, na uongozi ukayeyuka mbele ya macho yao kwa sababu nusu ya kikosi ilikuwa inachechemea. Ablett alifunga magoli 9 kwa Geelong na bado timu yake ikafungwa: pointi 144 kwa 138. Mechi ingeendelea dakika mbili tatu zaidi, naamini kombe lingeondoka.

Sasa Matthews. Urefu sentimita 178, mwili kama gunia la saruji, mechi 332 na magoli 915 kati ya 1969 na 1985, ubingwa mara 4. Simulizi inayopendwa zaidi ni ya 1982 pale Windy Hill, uwanja wa Essendon, alipougonga mlingoti mfupi wa pembeni mwa goli kwa mwili na mlingoti ukavunjika. Ni picha nzuri ya kuonyesha kasi na uzito wake, ila haisemi chochote kuhusu ugumu, mlingoti haurudishi. Cha maana ni idadi ya magoli: mtu mfupi hafungi 915 bila kuingia kwenye rundo la watu kila wiki, kuinama kuuchukua mpira chini huku magoti ya wengine yakimjia usawa wa uso.

Upande wake mwingine wapenzi huupitia harakaharaka. Mwaka 1985 alimpiga Neville Bruns wa Geelong mbali na mpira, taya likavunjika. Marefa hawakuona. Ligi ikamfutia usajili kwa wiki 4, na polisi wakamfungulia mashtaka. Mimi tukio lile siliweki kwenye hesabu ya ugumu hata kidogo. Aliyepigwa hakuwa na mpira wala hakutarajia kitu.

Ukitaka kuona upande wa anayepokea, rudi fainali ya 1971 dhidi ya St Kilda. Peter Hudson aliingia akihitaji magoli 3 kufikia rekodi ya magoli 150 kwa msimu, iliyowekwa na Bob Pratt mwaka 1934. Mapema Kevin Neale akamgonga, sikio likachanika, na kuanzia hapo alicheza akiona vitu viwili viwili. Alipata yale 3, akakosa nafasi za kuivunja rekodi, na Hawthorn wakashinda kwa pointi 7. Hudson hatajwi sana kwenye orodha hizi kwa kuwa hakuwa mgomvi. Mimi namweka watano bora.

Don Scott, nahodha wa ubingwa wa 1976 na 1978, alirukia mpira dhidi ya majitu marefu kuliko yeye katika mechi 302. Ukali wake haukuisha alipostaafu: mwaka 1996, wanachama walipoitwa kupiga kura ya kuungana na klabu iitwayo Melbourne, alishika jezi iliyopendekezwa, akabandua mwewe, nembo ya Hawthorn, na rangi ya dhahabu, ikabaki jezi ya Melbourne tupu. Muungano ukakataliwa. Luke Hodge alicheza fainali ya 2008 na mbavu mbovu na akatoka na medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali. Michael Tuck naye alicheza mechi 426 na mwili uliokuwa mwembamba kama fito. Hilo halihitaji maelezo.

Ugomvi wa 2004 dhidi ya Essendon hauko kwenye orodha yangu. Ngumi zilirushwa, wachezaji kadhaa wakafungiwa, mechi yenyewe Hawthorn wakapoteza, na msimu wakaumaliza nafasi ya 15 kati ya 16.

Kuna kitu kimoja kimebadilisha namna ninavyoyasoma haya yote. Mbavu hupona, ubongo ni habari nyingine. Shane Tuck, mtoto wa Michael, aliyechezea Richmond, alifariki mwaka 2020 na uchunguzi ukakuta ubongo wake umeharibiwa vibaya na CTE, ugonjwa unaotokana na vipigo vya kichwa vya kurudiarudia. Tangu 2021 mchezaji wa AFL, ligi kuu ya mchezo huu, aliyepata mtikisiko wa ubongo hukaa nje angalau siku 12. Kwa kanuni hiyo Hudson asingerudi uwanjani, na sioni kosa. Brereton na Dipierdomenico waliumia mwilini, kwa hiyo nawasifu bila kigugumizi. Anayemsifu mtu kwa kucheza huku hajui yuko wapi, mimi simfuati.

Ukiipata video ya 1989, mpira wa kwanza usiufuate. Mtafute namba 23, Brereton, anayekuja katikati, halafu Yeates anayetokea pembeni. Kisha achana nao, mfuate namba 9, Dipierdomenico, robo nzima ya mwisho, na uangalie ni mara ngapi anashika ubavu kabla ya kuanza kukimbia tena.