Je, wajua kwa nini picha huonekana zimekatwa baada ya simu kusasishwa?

Simu imejisasisha usiku ukiwa umelala. Asubuhi unaitafuta picha ya familia mliyopiga juzi, na shangazi aliyesimama mwisho kabisa upande wa kulia amebaki bega. Kushoto, binamu amebaki sikio. Jana walikuwa wazima! Kabla hujaanza kulaumu, iguse picha ifunguke peke yake, kisha iminye kwa vidole viwili kama mtu anayetaka kuipunguza. Mara nyingi shangazi anarudi, na mkoba wake begani.

Anarudi kwa sababu hakuondoka. Faili la picha liko vilevile lilivyokuwa. Kilichobadilika ni tundu unalolichungulia.

Chanzo cha yote ni kwamba picha na kioo cha simu havina umbo moja. Kamera nyingi za simu hupiga picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, yaani upande mrefu ukigawanywa vipande vinne, upande mfupi unapata vitatu. Vioo vya simu navyo vilikaa miaka mingi kwenye 16 kwa 9, umbo la televisheni, kisha kuanzia 2017 vikaanza kurefuka: 18 kwa 9, 19.5 kwa 9, na leo 20 kwa 9 ni jambo la kawaida. Kamera haikurefuka navyo. Kila picha inayotua kwenye kioo inakuta chumba kisichokuwa chake.

Tuchukue picha ya kusimama yenye upana wa pikseli 3000 (pikseli ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha) na kimo cha 4000, na kioo chenye pikseli 1080 kwa 2400. Programu ina njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuipunguza picha mpaka yote ienee. Upana wa 3000 unashuka hadi 1080, kimo kinashuka hadi 1440, na zinabaki pikseli 960 za weusi mtupu, nusu juu na nusu chini. Hakuna aliyekatwa, ila picha inaonekana ndogo. Njia ya pili ni kuijaza skrini. Kimo cha 4000 kinashuka hadi 2400, upana unakuwa 1800, lakini kioo kina 1080 tu. Pikseli 720 hazina pa kukaa, basi zinafichwa, 360 kila upande. Hiyo ni asilimia 40 ya picha, na mtu uliyempanga pembeni yumo humo. Ipo njia ya tatu, ya kuivuta picha ilingane na kioo, lakini hiyo huwafanya watu wawe wembamba kama fito, na waunda programu wanaojiheshimu huikwepa.

Kwa mwandika programu, tofauti ya njia hizo mbili ni neno moja. Kwenye kurasa za wavuti huandikwa "cover" kwa kujaza au "contain" kwa kuenea. Kwenye Android ni "centerCrop" au "fitCenter". Basi. Mtu mmoja akibadilisha neno hilo kwenye toleo jipya, mamilioni ya picha zinaonekana zimekatwa kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyoguswa. Hilo "center" maana yake ni katikati: programu hushika kitovu cha picha na kupunguza kingo kwa usawa. Ndiyo maana shangazi na binamu waliumia pamoja.

Kwa nini mtu alibadilishe neno hilo, ilhali kila kitu kilikuwa sawa? Mara nyingi ni kwa ajili ya mpangilio. Picha ndefu, fupi na za kulala zikiwekwa pamoja ukurasa huonekana kama kabati lililovurugwa, na mbunifu huona afadhali visanduku vyote vilingane. Instagram ni mfano mzuri. Ilipoanza 2010 ilikubali picha za mraba peke yake. Mwaka 2015 ikaruhusu maumbo mengine, lakini kwenye ukurasa wa mtumiaji vijipicha viliendelea kuwa miraba. Januari 2025 miraba hiyo ikageuzwa kuwa visanduku vya kusimama vya 3 kwa 4. Picha ya mraba ikiwekwa kwenye kisanduku hicho hupoteza robo ya upana wake. Waliokuwa wameandika maneno ukingo hadi ukingo walikuta herufi za mwanzo na za mwisho zimemezwa, na waliopanga vijipicha tisa vitengeneze picha moja kubwa wakabaki na vipande visivyoungana. Malalamiko yalikuwa mengi, na mimi nayaona ya haki: mtu aliyepanga kazi yake kwa miaka hakuulizwa.

Wakati mwingine wa kulaumiwa si programu bali mfumo wa simu. Android 15, iliyotoka 2024, inazitaka programu zilizotengenezwa kwa ajili yake zichore hadi kwenye kingo za skrini, chini ya ule mstari wa saa na betri na chini ya vitufe vya kurudi nyuma. Mtengenezaji asipoacha nafasi, sehemu ya juu ya picha hujificha nyuma ya saa. Hapo picha haijakatwa hata kwa macho, imefunikwa tu.

Kuna pia kisa cha kuzungushwa. Kamera nyingi huhifadhi picha kwa namna moja, kisha zinaandika ndani ya faili alama inayosema, kwa mfano, "igeuze digrii 90". Vivinjari vingi havikuwa vikiitii alama hiyo kwenye kurasa za wavuti, hivyo wenye tovuti wakawa wanazigeuza picha wenyewe. Mwaka 2020 Chrome ikaanza kuitii moja kwa moja. Picha iliyokwisha kugeuzwa na mwenye tovuti ikageuzwa tena, ikalala ndani ya kisanduku cha kusimama, na ubavu mzima ukabaki nje.

Twitter nayo ilijaribu kuwa na akili kuliko "katikati". Kuanzia 2018 ilitumia programu iliyofunzwa kukisia sehemu ya picha ambayo jicho la mtu lingeiangalia kwanza, ikabakiza hiyo. Mwaka 2020 watumiaji wakaanza kuijaribu kwa picha ndefu zenye nyuso mbili, na wengi wakaona inapendelea uso wa mtu mweupe. Uchunguzi wa kampuni yenyewe, uliochapishwa Mei 2021, ulikuta kweli kuna upendeleo, na mwezi huohuo picha za maumbo ya kawaida zikaanza kuonyeshwa nzima kwenye simu.

Utajuaje kama picha yako imefichwa au imekatwa kweli? Fungua maelezo ya faili uangalie vipimo. Kama simu yako hupiga 3000 kwa 4000 na bado vinasomeka hivyo, picha ni nzima. Tafuta kwenye programu kitufe cha kubadilisha kati ya mraba na umbo halisi. Ile ya picha ya iPhone, kwa mfano, inacho. Kama tatizo liko kwenye tovuti moja tu, futa kumbukumbu ya muda ya kivinjari, maana simu huweza kushika sheria za zamani za ukurasa na kuzichanganya na ukurasa mpya. Vipimo vikiwa vimepungua, huenda kuna mkasi uliopita, au picha imepunguzwa tu ukubwa. Mifumo ya kuendesha tovuti hukata kwa makusudi: WordPress, usipobadilisha mipangilio, hutengeneza kijipicha cha pikseli 150 kwa 150 kama faili la pembeni, na la asili hubaki. Tovuti ikibadilishiwa sura, vijipicha vya zamani huendelea kubanwa kwenye visanduku vipya mpaka vitengenezwe upya.

Na kinyume chake kimewahi kutokea, tena kwa hatari zaidi. Machi 2023 iligunduliwa kwamba kwenye simu za Google Pixel, ukikata skrinishoti kwa zana ya simu yenyewe, faili jipya dogo liliandikwa juu ya lile kubwa bila mkia wa zamani kufutwa. Chanzo kilikuwa badiliko dogo la Android 10 katika namna faili linavyofunguliwa ili kuandikwa upya. Mtu aliyekata namba ya kadi yake ya benki na kutuma kipande kilichobaki aliweza kuwa ametuma na namba yenyewe, na mwenye ujuzi angeweza kuirudisha. Sasisho liliziba tundu hilo kwa skrinishoti zinazofuata. Zile zilizokwisha kutumwa zilibaki na mikia yao.